Nusu ya Uwanja

Mzee wetu, baba mkwe wangu, amecheza tenisi miaka arobaini hapa Bondeni, Kyela, na miaka thelathini kati ya hiyo nimekuwa nikimtazama bila kumwona. Najua inasikika vibaya. Ngoja nieleze taratibu.

Kwetu Unyakyusani mkamwana hamtazami baba mkwe wake usoni. Halitaji jina lake, hapiti mbele yake, hampi kitu mkononi. Tunaita ukutila. Siku hizi wengi wameacha, na mchungaji wetu alishasema wazi kanisani kwamba kumsalimia mkwe si dhambi, na mimi namwamini mchungaji. Lakini nyumba niliyoolewa mwaka 1994 haikuacha. Mama mzazi wa mzee alimficha baba mkwe wake uso mpaka siku ya kumzika, na mzee alikua akiona hivyo. Kwake yeye, mkamwana akigeuza uso ni sawa na kusema, wewe bado ni baba wa nyumba hii. Basi nikageuza. Nikisikia anakohoa njiani, naingia kwenye migomba. Chai naiweka kizingitini, napiga makofi mawili, naondoka.

Kati ya nyumba yetu na uwanja kuna uzio wa matete tu. Uwanja huo ni wa klabu ya zamani ya watumishi, lakini walioutengeneza ni watu wawili: mzee, ambaye wakati huo alikuwa mkulima wa mpunga kutoka Ngonga aliyepewa kibarua cha kufyeka majani ya klabu, na Anselmi, hakimu wa mahakama ya mwanzo aliyeletwa kwetu kutoka Bukoba mwaka 1984. Hakimu alikuja na raketi mbili na hakuwa na wa kucheza naye. Watumishi wenzake walipenda bao. Siku moja akamwambia mfyeka majani, "Weka hilo panga chini, shika hii." Ndivyo ilivyoanza.

Udongo wetu wa Kyela ukilowa unanasa mguu, ukikauka unapasuka. Wakaenda Busale kuchimba vichuguu, wakabeba udongo wake kwa magunia juu ya baiskeli, wakautwanga, wakaumwagilia, wakaukandamiza kwa pipa lililojazwa zege. Mistari waliichora kwa majivu ya pumba za mpunga, maana pumba zikiungua vizuri zinakuwa nyeupe kama chokaa. Kila mwaka mvua kubwa huufunika uwanja mpaka Juni, na kila Juni walianza upya kutwanga vichuguu. Anselmi alihamishwa mara mbili, na mara mbili aliomba kurudi. Alipostaafu hakwenda kwao. Mkewe, mama Dorothea, alikuwa akisema, "Mimi nina mke mwenza, ana wavu katikati."

Sasa, mimi kila jioni saa kumi napepeta mchele kando ya uzio, na pale matete yameachana kidogo. Uwanja wote naweza kuuona. Lakini upande mmoja, uleule siku zote, yupo baba mkwe. Kwa hiyo nikageuzia uso upande wa Anselmi, yeye hakuwa mkwe wangu. Miaka thelathini nimetazama nusu ya uwanja. Mpira ukivuka wavu kwenda upande wa pili, kwangu umepotea. Nasubiri. Nasikia "po," raketi ya mzee, na mpira unarudi machoni pangu. Kwa jinsi ulivyorudi nilijua hali ya mzee. Akiwa na furaha, mpira ulikuja chini chini, unakata wavu kama mbayuwayu. Akiwa amegombana na mtu, uliruka mpaka kwenye mikakao ya jirani. Sijui kama yupo mtu mwingine aliyemjua mkwe wake kwa njia hiyo.

Raha ya kutazama siwezi kuieleza kwa asiyeijua. Unashika ungo, mchele umesimama hewani, na wewe umesahau kuupokea. Na karaha zake pia. Mpira ukigonga juu ya wavu, unakaa pale kidogo kama mtu anayefikiri, kisha unaangukia upande ule mbaya, na mimi siruhusiwi hata kusema "jamani!" kwa sauti. Nilikuwa nauma kitenge.

Hesabu yao nilijifunza kwa masikio. Kumi na tano, thelathini, arobaini. Nilimuuliza mume wangu Lazaro kwa nini si arobaini na tano. Akasema, "Waliotunga walichoka. Ndiyo shida ya mchezo wa watu wasio na palizi." Lazaro hajawahi kuupenda. Lakini mimi kitu nilichokipenda kuliko vyote ni kwamba anayeanzisha hupewa mipira miwili. Wa kwanza ukitoka nje, hasemwi, hafukuzwi. Anao wa pili. Nikiwa kanisani wakati wa maombi ya toba, mara nyingi nimejikuta nafikiria jambo hilo.

Na kulikuwa na jambo lingine. Hawakuwa na mwamuzi. Mpira ukianguka upande wako, wewe ndiye unayetamka, "Ndani!" au "Nje!" na mwenzako anakubali. Anselmi alikuwa hakimu kazini na hakimu uwanjani. Sikumsikia akidanganya, isipokuwa mara moja. Magoti ya mzee yalikuwa yameanza kukataa, akapiga mpira ukatoka nje hatua nzima, niliuona kwa macho yangu. Anselmi akaita, "Ndani!"

 Kisha sauti ya mzee: "Bwana hakimu, umesema?"

"Ndani, mzee. Endelea."

"Siku utakayonihurumia, niletee na sanda kabisa."

Akaondoka. Wiki nzima hakukanyaga uwanjani. Anselmi alikuja kumwomba radhi akiwa amevaa koti la suti, katika joto lile la kwetu.

*

Mimi nami nilikuwa nacheza, ila hakuna aliyejua. Mwaka 1996, binti yangu Tusajigwe akiwa mchanga, mpira uliruka uzio ukaangukia kwenye ungo wangu. Kuurudisha ningelazimika kuingia uwanjani mbele ya mkwe. Nikasema nitampa Lazaro ampelekee. Sikumpa. Niliuficha kwenye kapu la mbegu, na niliomba msamaha kwa Mungu mara nyingi, lakini kuurudisha sikuurudisha. Lazaro akienda shamba, nilikuwa naupiga kwenye ukuta wa nyuma kwa kibao nilichochonga mwenyewe. Mtoto nilimkumbatia kwa mkono wa kulia, maana nikimweka chini analia. Kwa hiyo kila kitu nilifanya kwa mkono mmoja: naweka mpira juu ya kibao, naurusha juu kwa kibao hichohicho, ukishuka naupiga. Nilifanya hivyo mpaka manyoya ya mpira yakaisha ukawa na upara.

*

Anselmi alifariki Julai mwaka jana. Moyo. Mwili ukasafirishwa kwenda Bukoba, na mzee hakuweza safari ile. Mama Dorothea alimwachia raketi ya marehemu na kopo la mipira.

Mzee aliendelea kwenda uwanjani kila siku saa kumi. Nilisikia ufagio. Nilisikia pipa la zege likivutwa. Aliuandaa uwanja wote, upande wake na upande wa marehemu, kisha alikaa. Mimi na ungo wangu nilitazama nusu yangu na haikuwa na mtu. Mama mkwe alishatangulia miaka sita nyuma, kwa hiyo mzee hakuwa na wa kumwambia hata "nimechoka."

Septemba, Jumanne, alikuwa anachora mstari wa pembeni. Macho yangu yalikuwa upande wa Anselmi, na ule mstari wa majivu ulikuja ukipita chini ya wavu, umenyooka vizuri. Nilipojua anavuka, niligeuza uso. Nilipogeuka tena, mstari ulikuwa umepinda. Umekwenda kwenye majani kama njia ya mlevi. Kisha nikasikia kopo la majivu likidondoka, na kitu kizito.

Sasa niseme lile lililonifanya niandike. Sikuingia. Nilisimama nyuma ya uzio nikapiga kelele. "Jamani njooni! Baba ameanguka, njooni!" Miguu yangu ilikuwa na miaka thelathini ya kutokwenda kule, ikakataa. Walikuja vijana wa bodaboda wakamnyanyua. Ilikuwa kiharusi. Hospitalini, nesi Marystella, mama mpole aliyehamia kwetu kutoka Singida, aliuliza, "Alikaa chini muda gani kabla ya kupata msaada?" Lazaro akanitazama. Nikasema sijui. Na kweli sijui. Lakini kila nikipiga magoti kusali, swali lile linapiga magoti pembeni yangu.

*

Walimrudisha nyumbani mkono wa kulia umekufa, mguu wa kulia unaburuta, mdomo umekwenda upande. Akageukia ukuta. Uji nilioupika uliingia umejaa ukatoka umejaa. Nikapika wali na samaki mbasa wa ziwani, chakula alichokuwa anakipenda kuliko vyote. Nikaupokea mlangoni umepoa. Lazaro alimlisha asubuhi kabla ya shamba na jioni akirudi. Katikati ya hapo mzee alikuwa wa ukuta, na mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta huohuo, namsikia anapaliwa na mate, siwezi kuingia. Ningeingia, ndiyo. Mchungaji angenisifu. Lakini mtu ameshapoteza mkono, mguu na rafiki. Kitu pekee alichobakiwa nacho ni kwamba mkamwana bado anamgeuzia uso. Nikiingia, si ndiyo nimemwambia kwamba amekwisha?

Nesi Marystella alikuja nyumbani Oktoba. Akanivuta jikoni.

"Mama Tusajigwe, mzee asipoinuka kitandani, mapafu yatajaa. Hata Krismasi sitakuahidi."

"Lazaro anamwinua, anakataa."

"Basi tafuteni kitu anachokipenda. Kuna kitu gani anapenda?"

Machozi yakanitoka mbele ya mgeni. Alichokipenda kilikuwa kimezikwa Bukoba.

Jioni hiyo Lazaro alitoka chumbani kwa baba yake amechoka. "Nimemtajia uwanja," akasema. "Mara ya kwanza leo amejibu. Anasema mkono wake umekufa."

"Si wa kulia? Atumie wa kushoto kama kawaida," nikasema.

"Kama kawaida ya nani?"

"Ya tenisi. Si inachezwa kwa kushoto?"

Lazaro alinitazama. Kisha akaanza kucheka, akashika nguzo ya jiko, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu Septemba hakuna aliyecheka nyumba ile. "Mke wangu! Anselmi ndiye alikuwa mtu wa mashoto. Baba amecheza kwa kulia maisha yake yote. Dunia nzima inacheza kwa kulia."

Nilijua kwamba nimetazama nusu ya uwanja, lakini sikujua kama nimejifunza nusu ya mchezo. Niliona aibu sana. Kibao changu, ukuta wangu, miaka yote ile.

Lazaro alipomaliza kucheka akajifuta macho. "Nilimwambia hata Anselmi alipigia kushoto. Akasema Anselmi alizaliwa hivyo. Tena akasema, kwa mkono mmoja, mpira ataurusha kwa nini? Kwa meno?"

 Kisha nikaenda kwenye kapu la mbegu nikatoa mpira wenye upara, nikatoa na kibao, nikamwonyesha nyuma ya nyumba. Mpira juu ya kibao. Juu. Po. Ukutani. Po. Tena, bila kuutumia mkono wa kulia.

"Haya umejifunza lini?" akauliza.

"Nikiwa nimembeba Tusajigwe."

"Ana miaka ishirini na nane!"

"Na mpira nimeuiba. Ndiyo hivyo."

Akataka kujaribu. Mpira wake wa kwanza ulimpiga jogoo, wa pili ukaingia kwenye sufuria ya maharage. Nikamnyang'anya kibao nikaendelea mwenyewe. Ndipo tukasikia sauti kutoka dirishani, nzito, maneno yanagongana.

"Lazaro. Nani anapiga?"

"Mimi, baba."

"Wewe ulikuwa yule aliyekuwa anakosa. Huyu wa sasa nani?"

Lazaro akanitazama. Nikaziba uso kwa kitenge, ingawa ukuta ulikuwa kati yetu.

"Ni mkamwana wako, baba."

 Nikasema moyoni, Bwana, nimemuua. Kisha: "Mwambie anarusha juu mno."

Asubuhi iliyofuata kikombe cha uji kilirudi nusu.

*

Yeye mwenyewe ndiye aliyesema namna ya kufanya. Alimtuma Lazaro atundike turubai la kuanikia mpunga juu ya wavu, kwenye mianzi miwili, mpaka juu ya kichwa cha mtu. Yeye upande wake, mimi upande wa marehemu. Heshima inabaki, na mpira unapita juu. Lazaro akimleta kwenye kiti cha magurudumu, mimi nasubiri nyuma ya turubai. Mzee akishatulia, Lazaro anapiga makofi mawili, kama ninavyofanya mimi na chai.

Ilibidi tuwahi. Mvua zikishafika, uwanja unakuwa bwawa mpaka Juni, na hesabu ya nesi haikufika Juni. Nilikuwa nautazama mlima kila asubuhi kama wingu la mvua limeshuka.

Lazaro alisimama kwenye nguzo ya wavu, anapeleka maneno.

"Mwambie baba asikaze kidole gumba."

"Baba, anasema usikaze kidole gumba."

"Mwambie nimesikia, mimi si kiziwi, nimepooza."

"Anasema si kiziwi."

Siku nne hakuna mpira uliovuka. Nilisikia tu pwaa, turubai linapigwa, na tumbo la turubai linanijia usoni. Pwaa. Pwaa. Mara nyingine hata turubai haliguswi. Nasikia raketi inakata hewa na pumzi ya mzee. Anajaribu kusimama kwa kuegemea pipa la zege, anashindwa, anakaa. Upande wangu mimi ninayo raketi ya Anselmi mkononi na hakuna cha kupokea. Vijana wa bodaboda wakasimama kwenye uzio.

"Mama Tusa! Mnacheza na jini humo?"

"Jini lenyewe linashinda!"

"Kyela mwaka huu tutaona mengi!"

Sikuwajibu. Nilikuwa nasali kimyakimya kila nikisikia raketi: Bwana, huu. Bwana, basi huu. Siku ya nne jioni Lazaro alinambia, "Tuache, mke wangu. Tunamtesa. Leo amelia." Nami nililia.

Siku ya tano, maji yaliingia kwenye shamba letu la Ngonga kutoka juu, mtaro umebomoka. Lazaro alimleta baba yake uwanjani saa tisa, akakiegesha kiti chake kando ya pipa, akaniambia, "Nakimbia kuziba, saa moja tu nimerudi. Msicheze. Kaeni tu hewani." Akapanda bodaboda. Tukabaki wawili na turubai. Upande wa ziwa wingu lilikuwa limekaa chini, jeusi, na upepo umeanza kunusa mvua.

Hakuna wa kupeleka maneno.  Nikamsikia akihangaika, raketi inagonga zege. Alikuwa anasimama. Nilitaka kusema asisimame, na mdomo ukakataa. Nikasikia mpira ukirushwa juu kwa raketi. Po.

Ukavuka.

Ulitokea juu ya turubai polepole, kama kuku anayeruka uzio, na niliutambua. Baada ya miezi minne, mpira wa mzee ukija upande ninaouona. Sikuupiga. Niliutazama tu. Ulianguka pembeni, nje ya mstari wa majivu, ukaacha alama yake kwenye udongo. Na kabla sijafumbua mdomo nilisikia kitu kizito kikianguka upande wa pili. Kama Septemba.

Nilisimama. Uzio haukuwepo safari hii, lilikuwepo turubai tu, na vijana walishakimbia mvua. Sijui nilisimama muda gani. Labda pumzi mbili, kwangu ilikuwa Septemba nzima. Nikasema kwa sauti, "Bwana, nisamehe ile ya kwanza, ya Septemba, moja tu." Nikazunguka nguzo ya wavu.

Ndipo nikamwona baba mkwe wangu. Alikuwa mdogo. Sikujua kama ni mdogo. Masikio ni ya Tusajigwe, yaleyale. Alikuwa amelala ubavu, majivu shavuni, na aliponisikia nimefika akafumba macho, ili asinitazame. Hata pale chini bado alikuwa ananistiri.

Nikapitisha mikono chini ya makwapa yake. Nimebeba magunia ya mpunga maisha yangu yote. Mzee hakuwa mzito kama gunia. Nikamkalisha kwenye udongo, mgongo wake kifuani kwangu. 

Akasema, macho bado amefumba, "Umeingia?"

Kwanza sikuelewa. Kisha nikaelewa, na niliumia. Mtu ameanguka, mdomo umejaa majivu, anauliza mpira. Ningesema ndani, ningempa furaha, nani angejua? Nikakumbuka sanda.

"Umetoka, baba. Kwa kiganja kimoja."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza niliyomwambia katika maisha yangu.

"Kiganja cha nani?"

"Changu."

Akavuta pumzi. "Basi umetoka."  Nikadhani amelia. Kumbe alikuwa anatafuta kitu kwenye udongo kwa mkono wa kushoto. "Raketi iko wapi? Ninao wa pili."

"Baba, mvua inakuja."

"Ninao wa pili."

Nikamnyanyua, nikamwegemeza kwenye pipa, nikamshika kiuno kwa nyuma asidondoke. Nikatoa mpira wa pili kwenye kopo, nikauweka juu ya raketi yake. Upande wa pili hapakuwa na mtu wa kupokea. Mpokeaji alikuwa mimi, na mimi nilikuwa nimemshika. Matone makubwa yakaanza kuanguka kwenye udongo, toa, toa. Akarusha. Akapiga. Ukapita juu ya turubai, tukausikia ukianguka, tusiuone.

"Nenda," akasema.

Nikamkalisha kwenye kiti, nikakimbia, nikazunguka nguzo. Alama ya kwanza ilikuwa palepale, nje. Ya pili ilikuwa juu ya mstari, nusu yake imekula majivu. Nikaitazama mara mbili, nikainama, nikaigusa.

"Ndani!" nikaita.

"Unanihurumia."

"Sikuhurumii, baba! Iko kwenye mstari!"

"Nataka kuona."

Nikarudi. Kiti cha magurudumu kilishaanza kuzama kwenye udongo uliolowa, kikagoma. Akashika bega langu kwa mkono wa kushoto, akasimama, akaburuta mguu. Hatua. Akasimama. Hatua. Miezi miwili nesi alimbembeleza kwa hatua moja, na sasa alikuwa anatembea kwenye mvua kwa sababu hakuamini neno langu. Mvua ikaongezeka. Majivu ya mistari yalikuwa yanakimbia na maji, meupe, yanaelekea mtaroni. Namwona anaharakisha na mguu haumtii. Nilimwomba Mungu azuie mvua dakika moja tu, lakini iliendelea kunyesha.

Tulipofika hapakuwa na alama. Hapakuwa hata na mstari. Tope tupu, na mpira umelala ndani yake.

Akatazama chini muda mrefu. Kisha akageuza kichwa akanitazama mimi, usoni, na sikugeuka. Macho yake ni ya kahawia hafifu. Miaka thelathini sikujua.

"Apa mbele ya Mungu."

"Mimi siapi, baba. Niliiona. Ilikuwa juu ya mstari."

Maji yalikuwa yanamshuka kwenye mdomo ule uliopinda. Akalitazama tena tope, akanitazama tena.

"Kumi na tano," akasema. "Sifuri."

*

Mvua hazijakatika tangu siku ile. Uwanja ni bwawa, vyura wamehamia, mianzi ya turubai imeelea mpaka kwa jirani. Krismasi ilipita, mzee yupo, lakini kifua kinakoroma na nesi Marystella akishamsikiliza anafunga mkoba wake tu. Juni iko mbali sana. Anakula kidogo. Chumbani kwake sasa naingia, uji namlisha mwenyewe, ingawa tukimaliza yeye anageukia ukuta na mimi nageukia mlango, kila mmoja kwa heshima yake.

Saa kumi jioni ikifika, mvua inagonga bati, nasikia sauti yake kutoka ndani. Hataki hesabu isahaulike.

"Mkamwana. Tulifika wapi?"

"Kumi na tano, baba. Sifuri."

"Nani anaanzisha?"

"Wewe, baba."